GHARAMA NA FAIDA ZA UMEME WA JUA MAJUMBANI

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyokusudiwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba.



Swali la umeme wa jua limekuwa likiulizwa maofisini, mabarazani na hata misikitini baada ya sala: je, fedha zinazotolewa kununulia mtambo wa kufunga juu ya paa zinarudi, au zinapotea? Mara nyingi anayeuliza hana fedha za kuchezea. Huyu yuko karibu kulipwa kiinua mgongo, na yule ameletewa fomu ya mkopo utakaokatwa katika mshahara wake kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo jibu la haraka, liwe la ndiyo au la hapana, halimfai. Linalomfaa ni hesabu, na hesabu hiyo huanza kwa kuuliza umeme huo wa jua utachukua nafasi ya kitu gani. Utachukua nafasi ya kandili ya mafuta ya taa? Ya jenereta? Au ya umeme wa waya ambao tayari umo ndani ya nyumba? Mtambo ule ule unaweza kuwa rahisi kwa jirani mmoja na ghali kwa jirani wa pili.

Inafaa kwanza kukumbusha kwa nini jambo hili lina uzito mkubwa zaidi visiwani kuliko kwengineko. Tangu mwaka 1980 Unguja imekuwa ikipata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari na kutokea Fumba. Kuanzia tarehe 21 Mei hadi tarehe 18 Juni, 2008, kisiwa kizima cha Unguja kilikaa bila ya umeme wa gridi. Kabla jambo hilo halijasahaulika, giza lilirudi tena Disemba 2009 na kuendelea hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, watu wakapanga foleni za ndoo, samaki wakaoza, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa kelele na moshi wa jenereta. Mwaka 2013 uliwashwa waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikatengenea sana. Pemba nayo, iliyokuwa ikitegemea mashine za dizeli za Wesha, iliunganishwa na Tanga kwa waya wa baharini mwaka 2010. Hata hivyo, aliyekuwa na mgonjwa au duka la vyakula vya baridi katika miezi ile hahitaji kuelezwa kwa nini mtu hutamani kuwa na umeme wake mwenyewe.

Tamaa hiyo imepewa nguvu na kushuka kwa bei. Mwaka 1977 wati moja ya paneli ya jua ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 70 za Kimarekani. Leo wati hiyo hutoka kiwandani kwa chini ya senti 30 za dola. Ni vitu vichache vya dukani vilivyoshuka bei kiasi hicho. Lakini paneli ni sehemu moja tu ya mtambo, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Ieleweke kwamba uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa muda wa saa moja. Paneli ya wati 100 iliyofungwa vizuri hapa visiwani hutoa, baada ya kutoa kinachopotea kwa joto, vumbi na nyaya, kiasi cha uniti 0.4 kwa siku ya jua zuri. Siku za masika inaweza kushuka hadi nusu yake au chini zaidi. Kwa mwaka mzima hupatikana uniti 130 hivi. Paneli nzuri hupungua nguvu kidogo kidogo, kiasi cha nusu ya asilimia moja kwa mwaka, na huweza kufanya kazi miaka 25. Katika umri wake wote itakuwa imetoa karibu uniti 3,000. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba imenunuliwa kwa shilingi 150,000, kila uniti itakuwa imegharimu shilingi 50. Hiyo ni bei ya chini mno, na ndiyo anayoitaja muuzaji.

Jambo asilolitaja ni kwamba jua huchwa baada ya saa kumi na mbili, na taa huwashwa baada ya hapo.

Umeme wa kutumiwa usiku lazima uwekwe katika betri. Ichukuliwe betri ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa karatasi ina uniti 1.2, lakini ikitolewa zaidi ya nusu kila usiku hufa mapema, kwa hivyo inayotumika kwa usalama ni uniti 0.6 tu. Ikitunzwa vizuri itahimili kiasi cha usiku 1,000, yaani miaka mitatu pungufu kidogo, na kutoa jumla ya uniti 600. Kama ilinunuliwa kwa shilingi 300,000, basi kuihifadhi uniti moja kumegharimu shilingi 500. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo hutolewa karibu yote bila ya kuumia, na huhimili usiku 3,000 na zaidi. Ikiwa bei yake ni shilingi 900,000, uhifadhi wa uniti moja ni shilingi 300. Mtu aliyeikimbia betri ya lithiamu kwa ughali wake akanunua ya risasi, mwisho wa hesabu ndiye aliyenunua ghali. Ama betri ya gari, hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwashia injini, si kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Anayeitia nyumbani hataifaidi hata mwaka wa pili.

Bei zote zinazotajwa humu ni za mfano, zimewekwa kwa wepesi wa kuhesabu. Kila mwenye nyumba aweke bei ya dukani anakonunua na bei ya uniti iliyomo katika risiti yake ya TUKUZA. Njia ya hesabu ndiyo isiyobadilika.

Ichukuliwe sasa nyumba ya mvuvi au mkulima iliyo mbali na waya. Ina taa nne za wati saba zinazowaka saa tano, redio, na simu za kutia chaji. Mahitaji yake hayazidi uniti 0.2 kwa siku. Paneli moja ya wati 100, betri moja ya risasi, kidhibiti chaji, taa na nyaya, kwa bei za mfano hapo juu, ni shilingi 600,000. Kabla ya hapo nyumba hiyo ilikuwa ikiwasha kandili mbili zinazokunywa robo lita ya mafuta ya taa kila usiku, nayo ni lita 90 kwa mwaka. Lita ikiwa shilingi 3,000, mafuta peke yake ni shilingi 270,000. Simu mbili zikipelekwa dukani kutiwa chaji mara mbili kwa wiki kwa shilingi 500, zinaongezeka shilingi 104,000. Jumla ni shilingi 374,000 kwa mwaka, na mtambo hujilipa kabla ya mwaka wa pili kumalizika. Hata ikibidi kununua betri mpya kila baada ya miaka mitatu, nyumba hiyo imo katika faida. Hapo bado moshi wa kibatari haujahesabiwa, wala macho ya mtoto anayesoma chini yake, wala hatari ya moto katika nyumba ya makuti. Kwa mkaazi wa namna hii hakuna haja ya mjadala mrefu.

Mwenye kutegemea jenereta naye yuko karibu na huyo. Jenereta ndogo ya petroli hutoa baina ya uniti moja na mbili kwa lita moja, mbali na oili, plagi na fundi. Uniti ya jua iliyopitia betri ya lithiamu kwa shilingi 350 ni rahisi kuliko hiyo kwa mbali. Hoteli ya kisiwa cha Chumbe, kwa mfano, iliamua tangu miaka ya 1990, wakati paneli zilipokuwa bado ghali, kuendesha vyumba vyake kwa jua na kukusanya maji ya mvua, kwa kuwa waya haukufika huko na kelele za mashine zisingelingana na hifadhi ya matumbawe.

Mazungumzo haya yanawahusu zaidi wale wa kundi la tatu, ambao ndio wengi miongoni mwa watumishi wa Serikali: wenye umeme wa waya tayari. Ichukuliwe nyumba ya mtumishi huko Mwera. Taa nane zinakula uniti 0.28 kwa siku, televisheni 0.4, feni mbili za usiku 0.8, friji uniti moja, pampu ya kisima 0.75 na pasi 0.5. Jumla ni uniti 3.73. Uniti ikiwa shilingi 300, matumizi ya mwaka ni kiasi cha shilingi 408,000. Mwenye nyumba huyu amechoka na waya na anataka kujitegemea kabisa. Atahitaji paneli za wati 1,200, nazo ni shilingi 1,800,000. Betri tatu za lithiamu, shilingi 2,700,000. Kibadilishi umeme, ambacho mafundi hukiita inveta, chenye nguvu ya kuianzisha pampu, shilingi 1,000,000. Na kazi ya fundi, vyuma na nyaya, shilingi 500,000. Jumla ni shilingi milioni 6.

Milioni 6 zikigawanywa kwa 408,000 ni karibu miaka 15. Lakini betri hazitafika miaka 15, na inveta huenda isifike. Mtu anayestaafu na miaka 60 akaitia sehemu ya kiinua mgongo chake humo, atakuwa na miaka 75 na bado hajarudishiwa fedha zake, na katikati ya safari atakuwa amenunua betri nyengine. Kwa bei hizi, jibu kwake ni kwamba haifai. Jua si bovu. Kosa ni kwamba anahifadhi usiku kwa shilingi 350 umeme ambao waya unamletea kwa shilingi 300.

Wapo wanaoshauriwa kuacha betri na kufunga mtambo unaosaidiana na waya, ambapo paneli hulisha nyumba mchana na waya hujaza pungufu. Kwa paneli za wati 600, inveta na kazi, hesabu ya mfano hufika shilingi 1,800,000. Wazo hili ni zuri, ila linategemea nani yuko nyumbani mchana. Mtumishi huondoka asubuhi na kurudi alasiri. Nyumbani kumebaki friji, na pampu na pasi kwa muda mfupi. Pasi peke yake hudai wati 1,000 kwa mkupuo, ambazo paneli hizo hazina. Nyumba kama hiyo itafaidi labda uniti 1.4 kwa siku, na fedha zitarudi baada ya miaka 12 hivi. Jirani yake mwenye friza la kuuzia barafu na juisi, au mwenye cherehani za umeme, atatumia uniti 2.1 zote zikiwa za mchana, na mtambo ule ule utajilipa kwa miaka 8 hivi. Skuli, afisi na vituo vya afya vinavyofanya kazi jua likiwaka vimo katika fungu hilo la pili.

Kuna jambo hapa ambalo wanunuzi wengi hulijua usiku wa giza, wakati umeshapita. Mtambo unaosaidiana na waya bila ya betri hujizima wenyewe umeme wa waya unapokatika. Hufanywa hivyo makusudi, ili umeme wa paa usirudi katika nguzo na kumuua fundi anayetengeneza akidhani waya umekufa. Kwa hivyo aliyefunga mtambo wa aina hii kwa kukumbuka miezi ile ya mwaka 2008 amenunua kisichokuwa alichokitaka. Mwenye kutaka kuunganisha mtambo wowote na waya wa gridi aende kwanza Shirika la Umeme, na asimruhusu fundi wa mtaani kufanya kazi hiyo kwa siri.

Kuhusu mkopo, hesabu yake ni fupi. Mkopo wa miaka mitano kwa betri ya miaka mitatu maana yake ni kukatwa mshahara miaka miwili kwa kitu kilichokwisha kutupwa. Mkopo usizidi umri wa sehemu inayokufa mapema katika mtambo. Na riba, au faida ya muuzaji kwa wanaonunua kwa mfumo wa Kiislamu, iongezwe katika bei kabla ya kugawanya kwa miaka.

Hesabu zote hizi huharibika ikiwa mali ni ya udanganyifu au imefungwa vibaya. Yako madukani mapaneli yaliyobandikwa karatasi ya wati ambazo hayana. Kuyatambua hakuhitaji mashine, futi ya fundi seremala inatosha. Kila mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa baina ya wati 180 na 230. Paneli iliyoandikwa wati 300 ikapimwa ikawa na mita 0.7 za mraba, basi karatasi hiyo ni ya uongo.

Zanzibar iko kiasi cha digrii 6 kusini ya Ikweta, kwa hivyo paneli ilalie kidogo upande wa kaskazini, digrii 10 hadi 15, zaidi kwa ajili ya mvua kuiosha kuliko kwa ajili ya jua lenyewe. Isibanwe na bati. Iachwe nafasi ya kiganja kupitisha upepo, kwani kila digrii moja ya joto juu ya 25 hupunguza nguvu yake kwa kiasi cha asilimia 0.4, na bati la mchana wa Januari kila mtu analijua. Kivuli cha kuti moja la mnazi kikiangukia pembeni hakipunguzi pembe hiyo tu. Kwa kuwa vipande vya paneli vimefungwa kwa mfululizo, kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wote. Ama wakaazi wa pwani, boliti za chuma cha kawaida huliwa na chumvi katika miaka michache, na paneli huondoka na upepo wa kusi. Zitumike boliti zisizoshika kutu, hata zikiwa ghali mara tatu. Kuosha kufanywe asubuhi paneli ikiwa baridi, kwa maji matamu na kitambaa.

Fundi ni nusu ya mtambo. Huko Kibokwa, Mkoa wa Kaskazini Unguja, chuo cha Barefoot College kimekuwa kikiwafundisha akina mama wa vijijini, wengi wao wakiwa hawakusoma sana, kuunganisha na kutengeneza mitambo ya jua ya majumbani, kisha wakarudi vijijini kwao. Kijiji chenye mtu wa aina hiyo kina faida kubwa kuliko kijiji chenye mitambo mizuri zaidi ambayo fundi wake yuko Darajani.

Betri zilizokufa zisitupwe jaani wala katika mashimo ya mawe. Ardhi ya visiwa hivi ni ya mawe ya matumbawe yanayopitisha maji, na maji ya kunywa hutoka humo humo. Risasi iliyomo ndani ya betri ni sumu ya akili za watoto. Muuzaji aulizwe kabla ya kulipwa kama atazipokea betri kongwe. Wanaonunua chakavu huzinunua pia, kwa hivyo si lazima mtu apate hasara kwa kufanya jambo la haki.

Amebakia mwenye nyumba wa Mwera na milioni zake 6. Akijiuliza anachokiogopa hasa, ataona si bili, bali ni usiku wa giza. Usiku huo anahitaji taa zake, televisheni na feni moja ya chumba cha watoto, jumla yake uniti 1.08. Paneli za wati 300 kwa shilingi 450,000, betri moja ya lithiamu kwa 900,000, inveta ndogo kwa 400,000 na kazi kwa 150,000 zinamtosha, nazo ni shilingi 1,900,000. Friji, pampu na pasi ataziacha kwenye waya. Mtambo huo utampunguzia bili kidogo tu, na asiambiwe vyenginevyo. Anachonunua ni amani ya usiku, kama mtu anavyonunua pipa la akiba ya maji. Shilingi 4,100,000 zinabakia mkononi mwake.